Picha za Mwaka 2008

Yaya, na nyote mlioko Uvira,

Nimesikia picha ya mtoto imefika, na kwamba mama mkubwa ameona 1/1/2008 pale pembeni, akaanza kuhesabu kwa vidole tulioana lini. Mwambieni atulie. Mtoto alizaliwa mwaka jana hapa hapa kambini Dzaleka. Aliyezeeka ni kamera.

Ni ile ndogo ya mfukoni, ya dijitali, inayotoa pua ukiiwasha. Ndani yake kuna kibetri kinachotunza saa, nacho kilishakufa. Kila betri kubwa ikitolewa, kamera inasahau yote na kurudi 2008. Na betri hutolewa sana, maana umeme wetu ni wa bahati. Inakwenda kwa kijana mwenye sola, inalala huko katikati ya simu za watu.

Kurekebisha tarehe ni kazi ya dakika moja. Shida ni wateja wangu wa picha. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, na sisi wakazi wake tunaishi kwa karatasi: siku uliyofika, siku uliyohojiwa, siku ya kuhesabiwa tena. Kwa hiyo mtu akipewa picha anasoma tarehe kwanza, uso baadaye. Kijana mwenye mchumba ng'ambo anataka ya leo kabisa, na saa juu yake. Mzee wetu mmoja wa Fizi hataki niiguse. Anasema 2008 alikuwa bado na meno, basi kamera imwache hukohuko.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie simu kama wenzangu. Jaribuni kuinua simu mbele ya watu: hakuna anayejali, wanaendelea kula. Inueni kamera muone. Kola zinafungwa, watoto wanafutwa kamasi, anayedaiwa na jirani anasogea kusimama karibu naye kama ndugu. Heshima hiyo mimi siiachi kwa ajili ya betri.

Lakini inanitesa. Kuanzia Agosti vumbi jekundu la hapa Dowa linaingia kwenye pua, pua inakwama katikati, mashine inalia krr, krr, kisha inazimika yenyewe. Mwezi wa 11, kwenye tamasha la Tumaini hapa kambini, lile lililoanzishwa 2014 na mshairi wetu Menes La Plume, jua la mchana lilikuwa kali hata kioo cha nyuma kikawa kinanionyesha mimi tu. Nilipiga wapiga ngoma wa Burundi kwa kukisia. Mmoja ametoka vizuri sana, kuanzia shingo kwenda chini. Halafu ukibonyeza, kamera inafikiri kwanza. Mchezaji anaruka, picha inamkuta ameshatua na anajifuta jasho.

Kusafisha picha ni mpaka Lilongwe. Naomba ruhusa ya kutoka, napanda minibasi, napita Lumbadzi na Kanengo nikiwa nimebanwa kati ya magunia, mpaka Old Town. Huko kuna fundi wa kompyuta mkarimu kupita kiasi. Usipomkodolea macho anawaongezea watu weupe wa ngozi, na mara moja alimhamisha bibi harusi wetu akamweka mbele ya maporomoko ya maji ambayo hayapo popote Malawi. Bibi harusi alifurahi. Bwana harusi, aliyebaki upande wa pili wa picha bila maji, alinuna.

Sasa kisa cha kwaya. Kamera yangu usiku inawasha flashi mara mbili: ya kwanza ni ya kuzuia macho mekundu, ya pili ndiyo inayopiga. Nilikuwa nimewaeleza. Walipanga safu tatu, wakakaza shingo, flashi ya kwanza ikawaka, mwalimu wao akasema "Amina," na kwaya nzima ikageuka kuondoka. Ya pili ikakuta migongo. Tukarudia. Safari hii wakasubiri ya pili, wakasubiri ya tatu, wakasubiri na ya nne ambayo haipo, meno nje.

Nilipowapelekea zote mbili, ile ya meno ilichukuliwa na mwalimu peke yake. Ya migongo imegombewa, kwa sababu fulana mpya zimeandikwa jina la kwaya nyuma, na limesomeka lote. Wameagiza nakala kila mmoja, na wamesema tarehe niiache ilivyo, ionekane kwaya ni ya siku nyingi.