Mbolea ya Elfu Sabini

Ukitaka kujua ukubwa halisi wa shamba la mtu hapa Endasak, usimuulize mwenyewe. Siku ya mchango wa madarasa kila mmoja ana robo eka, tena ya mawe. Ikija siku ya kuandikisha mbolea ya ruzuku, kijiji kinajaa eka mpaka unajiuliza Mlima Hanang umepata wapi pa kukaa. Jirani yangu alitaja kumi bila kupepesa macho. Mimi nikasema mbili na nusu, ndizo nilizo nazo. Mama watoto akaninunia. "Serikali imekuja kugawa, baba, wewe unajipunguza!"

Ruzuku yenyewe siikatai. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, mfuko wa DAP wa kilo 50 ulivuka 120,000. Rais Samia akazindua ruzuku pale Mbeya, Nane Nane ya mwaka huo, mfuko ukashuka mpaka 70,000. Kwenye karatasi nimeokoa zaidi ya 50,000. Basi karatasi hiyo ingenilipia na nauli.

Maana siku hizi bila namba ya mkulima wewe si mkulima, hata viganja viwe na sugu kiasi gani. Namba inaingia kwenye simu, na laini niliyoandikishia anayo kijana wangu aliyeko Babati. Nikimwomba anisomee, ananisomea ya luku.

Ukishaipata namba, panda gari uende Katesh kwa wakala. Mbolea ipo, naiona. Hela ninayo, naye anaiona. Asiyekuwepo ni mtandao. "Subiri kidogo, mzee wangu." Kidogo hicho kinapita chai, kinapita wali maharage kwa mama ntilie, kinafika jua la magharibi. Mtandao ukirudi, mifuko ya kupandia imekwisha, imebaki ya kukuzia. Nikuzie nini, nami sijapanda? Nikibahatika, mwenye bodaboda ananitoza nauli mbili: yangu na ya mfuko.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba fosfeti inachimbwa Minjingu, wilaya ya Babati, mkoa wetu huu huu. Udongo wa nyumbani, lakini mpaka unifikie shambani lazima kwanza niidhinishwe na kompyuta ambayo haijapalilia hata mstari mmoja.

Vijana wananiambia nishukuru, enzi za vocha za mbolea kulikuwa na ujanja mwingi. Ni kweli. Kuanzia 2008 tulikuwa na kamati ya vocha ya kijiji, na wapo waliosaini vocha, wakamwachia muuzaji mbolea, wakaondoka na hela ya pombe. Lakini angalau kamati ile ilikuwa na watu wa kuwagombeza. Mtandao utaugombeza uso kwa uso wapi? Mvua nayo haisubiri. Mahindi yanataka mbolea chini siku yanapopandwa, hayajui kwamba mfumo uko kwenye matengenezo.

Mwaka huu nimepata faraja moja tu. Mtendaji alikuja kukusanya mchango wa darasa, daftari la mbolea liko kwapani. Akamfungulia jirani ukurasa wake: eka kumi, sahihi hiyo hapo. Jirani akaanza kueleza kwamba nane kati ya hizo ni za shemeji yake. Mama watoto alisikia yote akiwa uani. Kuninunia ameacha, ila kusema nilikuwa sahihi bado hajasema.