Saba Mlangoni

Gari lilifika kwetu Bugomora mwezi wa Agosti, juu ya lori la kahawa. Halikuwa na injini wala viti, na palipokuwa na dashibodi kulikuwa na kiota cha kuku chenye mayai manne. Mume wangu alilizunguka mara tatu akipapasa mabati yake, kisha akaniambia, "Mwalimu, hii ndiyo 404 yenyewe." Mama mkwe alikuwa uani akigeuza buni mkekani. Aliinua kichwa, akalitazama, akauliza neno moja tu: "Litalala wapi?"

Bodi ililala kwenye banda la kahawa. Vilivyobaki vililala kwangu. Giaboksi ilikaa chini ya kitanda, usukani nyuma ya mlango, vioo vikafungwa blanketi la watoto. Kwa miezi kumi na sita sikuwa na sufuria isiyonuka mafuta ya taa.

Ugonjwa huu mume wangu aliurithi. Marehemu baba yake alikuwa akimhadithia mbio zilizoanza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ambazo baadaye zilijulikana dunia nzima kwa neno letu wenyewe: Safari. Mzee alizifuata redioni. Mwaka 1966 alisikia kwamba mshindi ametoka Tanzania, Bert Shankland, akisomewa njia na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1967 wawili hao wakashinda tena, kwa gari la aina ileile. Mzee hakuwahi kumiliki gari maishani mwake, lakini alijua kuisimulia 404 kama mtu anavyosimulia ng'ombe aliyemkamua mwenyewe.

Basi mwanawe, ambaye ni fundi, aliapa kuijenga upya kama ilivyokuwa wakati ule: spea za enzi yake tu, hakuna cha kisasa. Aliagiza kwa madereva wa malori na kwa jamaa walioko mbali. Pete za pistoni zilitoka Gerezani, Dar es Salaam. Kabureta ilipatikana Kisekka, Kampala, ikavuka mpaka ndani ya kikapu. Injini tuliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiikalia kama kigoda. Ni injini ya cc 1618, imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iwe fupi kwa kimo, na slivu zake huchomolewa zikapachikwa nyingine bila kuchonga bloku. Mume wangu alinieleza hayo usiku, taa imezimwa, kwa sauti ya mtu anayesali. Nilimsikiliza. Mtu akikufungulia moyo wake, huulizi kwa nini ndani mna injini.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha jeti. Hicho ni kijiskurubu cha shaba chenye tundu jembamba, ndicho kinachopima petroli ndani ya kabureta. Kilipotea mezani, tukafagia nyumba nzima, tukachekecha majivu, watoto wakaapa hawakukigusa. Siku ya tatu mama mkwe alikuwa akichagua maharage ya jioni. Alitoa mawe, akatoa maganda, akatoa jeti. Aliifuta kwa kanga, akaiweka kiganjani mwa mwanawe: "Mwanangu, chombo chako kilikuwa kinakwenda kuchemka." Tangu siku hiyo mama ndiye aliyetunza vitu vidogo vyote. Alivifunga kwenye vipande vya kitenge, fundo moja kwa kila kimoja, na hakuna hata skurubu moja iliyopotea tena.

Mwezi wa Novemba injini iliwaka. Usiku ule mume wangu akafunga taa nne kubwa mbele, kama za magari ya Safari yaliyokimbia usiku kucha, akaziwasha zote kumulika migombani. Dakika chache hazikupita, senene wakashuka. Walishuka kama mvua ya kijani, wakajaa kwenye boneti na kwenye nywele zetu. Majirani walitoka mbio na ndoo, magunia na vyandarua. Mume wangu alitaka kuzima ili kuokoa betri, akakutana na macho ya kijiji kizima. Hakuzima. Tuliokota mpaka mwanga ukafifia na kuwa mwekundu kama kaa la moto, kisha giza. Asubuhi betri ilikuwa imekufa kabisa. Lakini watu waliokula senene wetu hawakusahau: kila gari lilipohitaji kusukumwa, migongo ilipatikana bila kuitwa.

Kisa cha tatu sikukichukulia kwa wema. Peugeot za miaka ile zina difu ya parafujo: chuma kama skurubu kubwa kinazungusha gurudumu la shaba nyeusi, na mafuta yaliyopendekezwa kwa difu hizo yalikuwa ya asili ya mnyonyo. Mume wangu aliyakuta ya zamani mle ndani, akaona yamepungua, akajazia mafuta ya kawaida ya dukani. Siku chache tu za kulijaribu barabarani, difu ikaanza kulia kama mtoto mwenye njaa. Alipoifungua, mafuta yale ya aina mbili yalikuwa yamegandana kuwa ulimbo. Mama alichovya kidole, akanusa, akasema, "Hii ni nyonyo. Nyonyo haikai na mgeni." Gurudumu la shaba lilikuwa limelika meno.

Kulipata jingine kuligharimu fedha za tangi la maji, tulizoziweka akiba misimu miwili ya kahawa. Alizitumia kabla hajaniambia. Nilijua nilipomwona binti yetu anarudi kutoka kisimani, dumu kichwani, gizani. Nililia mbele ya mume wangu, nikamwambia kwamba baba yake alizipenda mbio zile bila kuchukua maji vinywani mwa watoto. Hakujitetea. Kesho yake alianza kutengeneza pikipiki za watu mpaka usiku, na 404 haikuguswa kwa miezi saba. Tangi lilifungwa kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia, maji yalipojaa, "Sasa rudi kwenye gari lako."

Gari lilipokuwa tayari, tuliondoka alfajiri ya Jumamosi kuelekea Murongo, kwenye mto Kagera. Mama mkwe alikaa mbele, kwa kuwa ndiye msomaji njia: anazijua kona zote kwa miguu. Mimi na watoto tulikaa nyuma na madumu mawili. Vumbi jekundu liliingia kila mahali. Mara mbili maji ya rejeta yalichemka, mara mbili tukasimama, tukasubiri ipoe, tukaongeza. Pikipiki zilitupita. Mtoto mdogo alilalamika kwamba kila mtu anatutangulia. Bibi yake alimjibu bila kugeuka: "Kutangulia si kufika."

Mume wangu alinyamaza kidogo, kisha akatueleza jambo ambalo baba yake alilirudia kuliko yote. Mwaka 1963, na tena 1968, njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Miaka yote miwili mshindi alikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mzee aliwaheshimu washindi, lakini aliwataja wote saba kwa pumzi moja.

Saa nne tuliuona mto, na ng'ambo yake Uganda. Mume wangu alizima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Mama aliweka mkono wake juu ya ule wa mwanawe, akauacha pale.

Jioni tuliporudi, niliuliza tuandike namba gani mlangoni. Nilidhani atasema moja. Alichovya brashi kwenye rangi nyeusi, akanipa mimi, akaniambia niandike saba.