Namna ya Kuchunguza Mazingira ya Tabora Bila Kuona Kitu

Mdogo wangu wa kidato cha pili, nimesikia mmepewa kazi ya kuandika uchunguzi wa mazingira yanayowazunguka, kurasa nne, na mwalimu anakusanya Ijumaa. Usihangaike. Sisi kaka zako tulishaifanya kazi hiyo, tukafaulu vizuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyelazimika kutazama mti.

Anza kwa maana. Andika kwamba mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka mwanadamu, vyenye uhai na visivyo na uhai, kisha pigia mstari kwa rula. Uzuri wa sentensi hiyo ni kwamba ni ya kweli Tabora, ni ya kweli Tanga, na ni ya kweli hata mwezini, kwa hiyo haikulazimu kujua uko wapi. Halafu ingia moja kwa moja kwenye uharibifu, na sababu ya kwanza iwe ukataji miti ovyo. "Ovyo" usiisahau, alama ziko pale.

Jambo la muhimu kuliko yote: usitoke nje. Ukitoka utaiharibu kazi. Noti zinasema miti huchipua mvua ikinyesha. Sasa wewe jifanye mjuaji, shika barabara ya Sikonge mwishoni mwa Septemba, wakati vumbi limetanda, majani yamechomwa moto hadi kando ya lami na mbuzi wanatafuta hata karatasi wale. Utaikuta mitundu imevaa majani mapya, mekundu ya shaba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Miombo hufanya hivyo kila mwaka bila kuomba ruhusa ya kitabu. Ukiliandika hilo utawekewa alama ya kuuliza ubavuni kwa wino mwekundu. Furu na ntalali za porini nazo, ule tu, usiandike. Mwalimu atakuuliza ziko sura ya ngapi.

Mji wetu huu uliwahi kuharibiwa jina na Mzungu mmoja aliyekuwa akitazama. Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, kuna tembe ambalo leo ni makumbusho. Mwaka 1872 Livingstone alikaa hapo miezi kadhaa, akingojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Badala ya kulala, akaandika habari za ndege waliokwisha kuota manyoya kamili lakini bado wanajilaza chini mbele ya mama yao, midomo juu, wakidai kulishwa. (Kidato cha sita, salamu zenu.) Mwaka mmoja kabla ya hapo, kule Nyangwe, alikuwa ameishiwa karatasi, akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa kujitengenezea kutokana na mmea. Wewe una daftari jipya na kalamu mbili. Usiige. Mkipelekwa Kwihara kwa ziara ya masomo, pigeni picha mlangoni, kunyweni soda, rudini.

Baada ya maana na sababu, unahitaji mharibifu. Sheria ya mharibifu ni kwamba awe maskini na awe mbali. Mchoma mkaa anafaa sana: anaingia mjini alfajiri akisukuma baiskeli yenye magunia ya lumbesa, hana wakati wa kujibu maswali, wala hatasoma utakachoandika. Usimfuate kujua gunia linashuka kwa nani. Linashuka Cheyo, Isevya, Ipuli, kwenye nyumba za watu wenye shahada, na hapo uchunguzi wako utakuwa umeanza kugusa wazazi wa wanafunzi wenzako.

Vivyo hivyo, usipite nyuma ya bwalo. Shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na rundo la magogo lililofika usawa wa dirisha. Lori lililiongeza kila lilipopungua. Siku moja nilikaa juu ya gogo nikingoja uji, nikaona pembeni pake utomvu mwekundu umeganda, umetiririka hadi kwenye magome. Ulikuwa mninga. Mti ambao fundi seremala angeutengenezea kitanda cha kurithishana ulikuwa unakwenda kuivisha maharage ya watu mia sita. Maharage yale yalianza kuchemka kabla ya kengele ya kuamka na bado yalikuja mezani yakigoma. Jumamosi ileile tulikuwa na mdahalo kuhusu ukataji miti, humo humo bwaloni, moshi ukiingilia madirishani. Tulitokwa machozi wote, wapinzani na watetezi. Mgeni rasmi aliguswa sana, akatusifu kwa uchungu tulio nao kwa taifa.

Utasikia kwamba Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na kwamba upo mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Taarifa hizo ni nzuri mno, ziweke kwenye utangulizi. Ila usiende jikoni kuhakikisha.

Sasa tumbaku. Hapa uwe mwangalifu, kwa kuwa ndiyo iliyokulipia ada. Tumbaku yetu ni ya mvuke: hukaushwa ndani ya bani, na moto wa bani hauzimwi usiku wala mchana kwa takribani wiki nzima, halafu linajazwa upya. Kuanzia Februari hadi Aprili, ukipita Urambo au Kaliua usiku unaweza kuhesabu mabani kwa mwanga wa matanuri yake. Kuni hizo hazitoki sokoni. Baba yako anazijua vizuri, ndiye aliyezipakia kwenye mkokoteni, na mgongo wake unazikumbuka. Lakini katika ripoti andika "baadhi ya wakulima". Neno "baadhi" limewaokoa wazazi wengi wa mkoa huu.

Sababu nyingine utakayoandika ni "wananchi kukosa elimu". Iandike bila woga, ila Urambo upite haraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wasomi kutoka London walileta matrekta hapo kung'oa miombo ili walime karanga za kuwatosheleza Waingereza mafuta. Walikuwa na wataalamu, ramani na fedha. Ardhi na mvua havikufuata ramani, mamilioni ya pauni yakapotea, na mwaka 1951 mpango ukafungwa. Waliofuata wakalima tumbaku. Kwa hiyo kama kukosa elimu ndiko kunakomaliza misitu, sijui wale tuwaweke fungu gani.

Asali inakubalika kwenye ripoti, chini ya kichwa "faida za misitu". Usieleze mzinga wa gome unavyopatikana: gome huchunwa kuzunguka shina la mti ulio hai, mti hufa umesimama. Na usieleze pia kwamba mrina asali huyo huyo ndiye wa kwanza kugombana na mchoma mkaa, maana nyuki wake wanaishi kwa maua ya miti ileile. Mtu mmoja hawezi kukaa kwenye safu ya faida na ya hasara katika jedwali moja. Mwalimu atadhani umechanganya.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Andika hivyo, funga dirisha, usitazame uzio wa soko.

Tunafika kwenye mapendekezo, yaani kupanda miti. Tarehe sahihi ni Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani. Mvua za Tabora huanza Novemba na huaga Aprili au Mei mwanzoni, kwa hiyo Juni 5 ardhi imeshakaza, na unahitaji sururu. Hilo si tatizo, kwa sababu shimo la mwaka jana bado lipo. Mgeni rasmi atashika mche, mpiga picha atasema "bado kidogo mheshimiwa", ndoo moja ya maji itamwagwa, makofi. Kazi ya kumwagilia itakabidhiwa wanafunzi wenye adhabu. Siku chache baadaye shule inafungwa, wenye adhabu wanapanda basi pamoja na wasio na adhabu, na mbuzi wa jirani wanaanza muhula wao.

Kuna miembe mikubwa huku kwetu na kuelekea Ujiji ambayo husimuliwa kwamba ilitokana na misafara: mtu alikula embe, akatupa kokwa, akabeba mzigo wake akaendelea. Hakuna aliyehutubia. Ila tazama kalenda. Embe huiva kati ya Novemba na Januari, kwa hiyo kokwa lilianguka kwenye tope, na lilikuwa na miezi ya mvua mbele yake kabla jua halijaliona. Sikushauri uliandike hili, halina rejea.

Basi andika kurasa zako nne, malizia kwa "Serikali, wananchi na wadau washirikiane", ukusanye Ijumaa, utapata alama nzuri. Na kama picha unayo tayari na sasa unataka mti, chukua kokwa mwezi wa Desemba, likizo, nyumbani kwenu. Chimba panapotuama maji kidogo, weka na samadi, zungushia miiba mpaka usawa wa kifua. Mbuzi wa Tabora hawasomi mabango.