Kalamu Imefungwa Kamba

Sisi ni watu wa siri. Mtu akipata viza hamwambii hata jirani mpaka ndege iwe angani. Mimba inafunikwa na khanga mpaka ijitangaze yenyewe. Muulize mwanaume wa Dar es Salaam analipwa kiasi gani, atakujibu "tunamshukuru Mungu", na mkewe naye hana takwimu nyingine zaidi ya hiyo. Shangazi yangu, ambaye nilimwomba ruhusa ya kumtaja akakataa, huhamishia vidonge vyake vya presha kwenye chupa ya vitamini ili wageni wasimjadili.

Sasa watu hao hao wafikishe getini. Mlinzi hasemi hata karibu. Anasukuma daftari mbele, anaonyesha kalamu kwa kidevu, nasi tunainama kwa adabu kuandika jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho, tunakotoka, tunayemfuata na tulichomfuatia. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza daftari likijaa linakwenda wapi. Kalamu ndiyo iliyofungwa kamba, isije ikaibiwa.

Kazi yangu ni kufuatilia madeni ya kampuni, maana yake naishi getini. Mlinzi anapiga simu juu kuuliza kama bosi yupo, bosi anafikiria kama yupo, na wewe huna cha kusoma isipokuwa wageni waliokutangulia. Wala si udaku, daftari limekufungukia lenyewe. Nimejifunza mengi humo. Ukikuta asubuhi hiyo wameshapita mtu wa karatasi, mtu wa jenereta na mtu wa maji ya kunywa, na wote kwenye sababu wameandika "malipo", geuza, nenda nyumbani, cheki yako haipo.

Uzuri ni kwamba daftari lenyewe halimfai hata mwenye jengo. Kwenye "unakotoka" mmoja ameandika Mbagala, mwingine Wizarani, mwingine "nyumbani". Kwenye "sababu" wote ni "binafsi", isipokuwa wachache walioandika "kikazi" kwa herufi kubwa ili waogopwe. Saa ndiyo balaa. Huyu anaandika saa za Kiswahili, yule anafuata saa za kizungu, kwa hiyo kuna bwana ameingia saa 10:15 na kutoka saa 4:40, hujui alikaa dakika chache au nusu siku, na mlinzi ametia saini kuthibitisha. Halafu kuna wale wa vialama viwili, wanaovuta vimkwaju kuonyesha "kama hapo juu". Tarehe kama hapo juu, sawa. Unayemwona kama hapo juu, sawa. Nimemkuta mmoja ameviweka hadi kwenye jina na namba ya simu. Ukitokea wizi, aliyemtangulia ataisaidia polisi.

Huyo wa vialama nilimwona mzembe, hadi nilipomsindikiza shangazi.

Tulikuwa tunafuatilia usajili wa kikoba chao, yeye, mimi na mwenyekiti wake, mama mmoja ambaye wamekuwa wakigombea heshima tangu kikundi kianze. Shangazi ana sitini kasoro. Amekuwa na sitini kasoro tangu enzi za Kikwete. Getini tulimkuta mlinzi kijana, mpole, mwenye heshima zake, na heshima hizo ndizo zilizotuponza. Kwa kuwa wazee huchelewa kuandika, alisema, "Lete kitambulisho mama, nikuandikie mwenyewe."

Kama una kitambulisho cha NIDA unajua namba yake ina tarakimu 20. Kama hujaitazama vizuri, itazame: nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Hakuna hesabu ya kupiga. Na kijana alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti ili asikosee.

"Moja, tisa, tano, moja..." Akanyanyua uso. Akamtazama shangazi, akaitazama picha, akamtazama tena. Kisha akasimama wima kabisa. "Kumbe bibi ni wa hamsini na moja! Shikamoo tena."

Shangazi hakuitikia. Angeitikiaje? Marahaba ingekuwa ni kukiri. Nyuma yetu mwenyekiti aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika taratibu. Kufika Jumapili, kikoba kizima kilikuwa kinamwamkia shangazi mara mbili mbili.

Mimi yangu yalinikuta kwenye jengo jingine, na huko hapakuwa na heshima. Niliandika daftarini kama kawaida, na jioni simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Mambo dada. Umefika salama?"

"Nani mwenzangu?"

"Yule uliyemwachia namba leo."

"Sijamwachia mtu namba."

"Si uliiandika mwenyewe dada. Una mwandiko mzuri sana."

Hapo nikafanya kile ambacho kila Mtanzania hufanya akikutana na namba ngeni: nikaanza kumtumia shilingi elfu moja, ili nione jina kabla ya kuweka namba ya siri, kisha nighairi. Mtandao mzima wa kutuma pesa tumeugeuza ofisi ya upelelezi, na kwa kweli haitozi chochote. Jina likaja, majina matatu kamili, na yote ya mwanamke. Laini ni ya mkewe, au ya mama yake. Kwa usalama wa nyumba za watu sikuuliza. Nikamfungia. Sitacheka sana kwenye hili, kwa sababu wadogo zangu wawili nao wameandikiwa ujumbe wa namna hiyo kutoka mageti tofauti, na ukiwaambia wanaume wanasema kijana alikuwa anasalimia tu.

Kijana hajui, lakini alikuwa anavunja sheria. Katiba, katika ibara ya 16, ilishasema siku nyingi kwamba mtu anastahili hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Wenzetu Kenya walikuwa na yao tangu 2019. Kiini chake anakielewa hata mtoto wa darasa la tatu: taarifa uliyoichukua kwa kazi fulani itumie kwa kazi hiyo, usiifanyie nyingine. Namba niliyoandika ili nimwone mhasibu si ya kunisifia mwandiko.

Ofisi nyingine zimeisikia sheria. Moja ninayokwenda kudai imebandika getini tangazo zuri la rangi, limepakwa plastiki, linalosema taarifa za wageni wake zinatunzwa kwa usiri mkubwa. Chini ya tangazo kuna meza. Juu ya meza kuna daftari, limefunuliwa, limegandamizwa na jiwe ili feni isilifunge.

Lakini tusiwaonee walinzi. Nenda steshenari yoyote ya mtaani ukachapishe kitu. Kioo cha ile kompyuta kimejaa mafaili kiasi kwamba picha ya maua iliyoko nyuma huioni: wasifu wa kazi wa watu, viapo vya kupotelewa na vyeti, barua za kuacha kazi ambazo mabosi hawajazipata, na faili moja linaloitwa "TALAKA MWISHO MWISHO 3". Ulitumia flashi au ulituma kwa WhatsApp, vyovyote vile umeacha nakala. Binti wa pale anakwambia "nitafuta", huku anamhudumia wa nyuma yako.

Na karatasi ikiharibika haitupwi. Wiki iliyopita nilinunua karanga za mia tano foleni ya Ubungo. Nilipofika nusu nikagundua ninatazamwa. Kipande cha karatasi kilikuwa nakala ya fomu ya mkopo, na kwenye kona kuna picha ya pasipoti ya baba mmoja mwenye tai, amekaza macho kama anayesubiri nimjibu. Nikajua mwajiri wake. Nikajua mshahara wake kabla na baada ya makato, jambo ambalo nina hakika mkewe halijui. Nikajua mdhamini wake wa kwanza ni shemeji yake. Wa pili alikuwa amefunikwa na chumvi. Kwa mshahara ule na makato yale, binafsi nisingemkopesha. Nilikula zilizobaki nimemgeuza picha upande wa chini, nikaenda kuichana karatasi nyumbani.

Ndiyo maana zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" hazinishangazi. Mimi niliyeajiriwa kudai watu, kila wiki nadaiwa na mtu nisiyemjua hela nisiyoikumbuka, na anayedai anaandika kwa uhakika kuliko mimi ninavyoandika kwa wateja.

Zilipozidi, rafiki akaniambia nipige *106# nione laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nikapiga. Zikatokea zangu mbili, na nyingine ambayo sijawahi kuishika. Nikaanza kukumbuka siku za usajili wa alama za vidole, mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, foleni kwenye kila mwavuli, jua la utosi, na yule kijana aliyekuwa ananishika kidole gumba kwa upole: "Haijasoma dada. Futa jasho, weka tena." Nikaweka tena. "Bado haijasoma." Nikaweka tena. Kidole changu kilisoma kuliko mimi nilivyosoma sekondari.

Basi nikaenda duka la kampuni ya simu kuifuta ile laini ya mgeni. Dada wa kaunta alinisikiliza vizuri, akanipa pole, akasema jambo hilo huwapata wengi na halina shida, linamalizika hapo hapo. Akataka kitambulisho. Akataka jina kamili, namba ya simu, ninakokaa na ninakofanyia kazi. Akaviandika vyote kwenye karatasi iliyokuwa na vya mwenzangu aliyenitangulia. Halafu akanisogezea kile kimashine chenye kioo chekundu, nikaweka kidole gumba.

Akatazama simu yake. Akakunja uso.

"Haijasoma," akasema. "Weka tena."