Nilisema Sina

Leicester, Uingereza

Mjomba,

Naanza na lililo moto. Jumamosi ile sikusema nina hela. Nilisema SINA. Ile "si" ilimezwa njiani, wewe ukapokea "...na hela", ukashukuru kwa alhamdulillahi, na kufikia Jumatatu nilikuwa nimeletewa maombi ya ada tatu, bati, na mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua.

Wewe mstaafu wa Posta na Simu utanielewa. Huku simu za waya wa shaba zinazikwa. Mwisho wake umepangwa Januari 2027. Zote zinahamia kwenye intaneti, nami nikatakiwa nichague. Ningeachana kabisa na simu ya mezani kama wenzangu, lakini wewe una kitochi, WhatsApp utaipatia wapi? Na namba yetu mama kaiandika kwa mkaa ukutani jikoni, pale nyumbani Chuda. Nani atathubutu kuifuta?

Ningeweza kuchomeka simu nyuma ya ruta ya hao hao wanaoniuzia intaneti. Rahisi, ila dakika moja ya kupiga Tanzania inatoa machozi. Nikaenda kampuni ya pembeni yenye dakika za bei poa. Wakaniletea kiboksi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni: simu ya zamani unaichomeka huku, ruta kule. La akili nililofanya ni moja tu, sikuikata laini ya zamani mpaka namba ilipohama. Ukitangulia kukata, namba yaweza kupotea.

Sasa sauti yenyewe. Inakatwakatwa kama kachumbari, kila kipande kinasafiri kivyake, na kinachochelewa hakisubiriwi, kinatupwa. Simu moja haili intaneti nyingi, kama kilobiti 100 hivi kwa sekunde, lakini inataka njia nyeupe. Jumamosi ile wanangu walikuwa wanapandisha video zao mtandaoni. "Si" yangu ikakwama nyuma ya paka anayecheza.

Halafu ile Jumanne mama alipopiga asinipate, akatangaza mtaa mzima kwamba nimekamatwa. Mjomba, ilikuwa luku. Ndiyo, huku nako tuna mita za kulipia kabla. Ya kwetu ina adabu, haikati usiku wala wikiendi, lakini saa tano asubuhi siku ya kazi haimjui mtu. Salio likaisha, ruta ikazima, simu nayo ikafa. Enzi zenu umeme wa simu, zile volti 48, ulitoka kwenye mitambo yenu wenyewe. Nyumba giza, simu inalia! Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huku, inazitaka kampuni zimpe anayetegemea simu ya mezani tu njia ya kupiga 999, angalau kwa saa moja umeme ukikatika. Muuzaji aliniuliza kama nami ni wa kundi hilo. Nikamjibu kwa madaha kwamba nina simu ya mkononi. Jumanne hiyo ilikuwa na chaji asilimia 2.

Nimeshaiamuru ruta itangulize sauti, paka baadaye. Nitapiga Ijumaa baada ya swala. Nitasema "sina" mara tatu, polepole. Ukisikia "nina" hata mara moja, kata simu nipige upya, na fundi wa bati usimwite kwanza.

Wasalaam,
Mpwao