Sifa za Wijeti Yangu

Katika sherehe zetu za Kijaluo, anayetaka kujisifu husimamisha muziki, hutoa noti, kisha hutangaza ukuu wake na wa ukoo wake watu wakimsikiliza. Hiyo ndiyo pakruok. Leo nausimamisha muziki mimi. Noti sina, imeishia kwenye bando, lakini sifa ninazo tele, na zote ni za wijeti iliyotanda kwenye skrini ya mwanzo ya simu yangu.

Si zile wijeti maskini zenye saa peke yake. Yangu ni ya kazi zote: saa, tarehe, hali ya hewa, betri, hatua nilizotembea, bando lililobaki, saa ya nchi ya pili, mambo ya kufanya leo, na chini kabisa picha tatu za watu ninaoweza kuwapigia kwa kugusa mara moja tu. Vyote hivyo vimebanana ndani ya mstatili mdogo kuliko kiganja, kama abiria wa matatu ya siku ya soko. Programu nyingine zimesukumwa hadi ukurasa wa tatu, na sijazisikia zikilalamika.

Hekima yake iko kwenye hali ya hewa. Sisi wa Sondu tunaishi mpakani: huku Nyakach, kaunti ya Kisumu, kule Kericho, na soko liko katikati. Mchana nikiwa hotelini nakunywa chai, wijeti inasema niko Kisumu, nyuzi 31, jua kali. Nikitembea hatua hamsini kununua nanasi, inaamua niko Kericho, nyuzi 19, mvua. Shati ni lile lile, na jasho ni lile lile. Binadamu wamechomeana nyumba na kuuana kwa ajili ya mpaka huu. Wijeti yangu huuvuka mara nane kwa siku, na hakuna askari aliyewahi kuitwa.

Wapo wanaosema habari zake zimechacha. Hawajui adabu. Kwa kawaida Android haiamshi wijeti kwa ratiba yake zaidi ya mara moja kila dakika 30, ili betri isiishe, na mimi naona hiyo ni heshima ya wazee: mzee wa busara haropoki. Mvua ikininyeshea, wijeti hutafakari nusu saa ndipo ithibitishe kwamba nimelowa. Mama anayeniuzia mananasi hana subira hiyo. Hutazama wingu lililokalia milima ya Kericho, hufunika matunda yake kwa nailoni, na kabla hajamaliza kufunga kamba mvua imefika. Sasa huo ni utabiri, au ni haraka tu?

Kuhusu saa, inaandika 7:00 na mimi nasoma saa moja. Hesabu hiyo ya kutoa sita, kila siku, imeniweka na akili timamu kuliko wenzangu. Saa ya nchi ya pili nimeiweka Doha, aliko binamu yangu, na kwa miaka miwili haijakosea hata dakika. Doha na Nairobi zina saa ile ile, zote masaa matatu mbele ya Greenwich. Lakini kujua kwamba saa ya hapa ni hii ni jambo moja, na kujua kwamba hata kule ni hii hii ni elimu nyingine kabisa.

Hatua sizungumzii sana, nisije nikaonekana najigamba. Ijumaa iliyopita nilitembea hatua 6,000 nikiwa nimeketi nyuma ya boda boda, maana kila tuta lilihesabiwa. Na bando? Wijeti hula bando ili iniambie bando lililobaki, kama mlinzi wa ghala anayeonja mahindi kila saa apate cha kuandika kwenye ripoti.

Wenye iPhone wasinicheke. Android ilizifungulia mlango wijeti za kila aina mwaka wa 2009, na mwaka wa 2011 Huawei IDEOS ilipouzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000, hata mtu wa mshahara mdogo aliweza kukaa na hali ya hewa isiyo sahihi mbele ya macho yake. Wao walingoja hadi Septemba 2020 ndipo wakaruhusiwa kuweka wijeti kwenye skrini ya mwanzo. Miaka yote hiyo walikuwa wakibisha hodi programu moja moja kuuliza habari.

Lakini fadhila kubwa kuliko zote ni zile picha tatu za chini. Siku moja ya soko nilikuwa nabishana na muuza mbuzi. Yeye anataka 6,500, mimi nimekwama kwenye 5,000, simu iko mfukoni, na kidole gumba, sijui kilipitia wapi, kikagusa picha ya mama mkwe. Kwa dakika nne alisikiliza kila neno, pamoja na pale nilipopandisha sauti na kusema, "Pesa si shida kwangu, mzee, pesa ninazo!" Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimemweleza, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba ng'ombe aliyebaki wa mahari atangoja mavuno.

Jioni akanipigia. "Mkwe wangu," akasema kwa upole uliozidi kiasi, "nimefurahi kusikia mambo yamekunyookea."

Ng'ombe alifika kwake Jumamosi. Mke wangu anasema katika miaka kumi na moja ya ndoa yetu hakuna mshenga aliyefanya kazi nzuri kama ile wijeti.

Asiyeamini kwamba kitu kimoja kinaweza kubeba kazi nyingi na auangalie mto wetu. Maji ya Sondu-Miriu hutolewa mtoni, hupitishwa kwenye handaki, huzungusha mitambo ya megawati 60, na yanapotoka pale yakidhani yamestaafu, hukamatwa tena Sang'oro. Huko, tangu 2012, yanazungusha megawati 21 nyingine kabla ya kuruhusiwa kwenda zake ziwani. Wijeti yangu ni ndugu wa mto huo. Tofauti yao ni ndogo: mto unazalisha umeme, wijeti inaula.

Inaula kwa bidii. Nikitoka nyumbani alfajiri betri imejaa, na saa saba mchana imebaki asilimia 4. Wijeti hunijulisha bila kuficha, kwa rangi nyekundu, ikitumia asilimia moja kuniambia. Kwa hiyo ukinitafuta leo usinipate, usikasirike. Simu iko kibandani karibu na stendi, imebandikwa karatasi yenye nambari 14, inachajiwa kwa shilingi 20. Jaribu tena baada ya saa kumi.