Sifa za Betri Chini ya Kiti

Kimondo cha Mbozi kimesifiwa vya kutosha. Tani 16 za chuma zilianguka, zikatulia, na hadi leo zinangoja wageni. Mimi naisifu betri ya Land Rover kuukuu, ile iliyong'olewa chini ya boneti ikahamishiwa chini ya kiti cha abiria. Tangu lini kimondo kikawaamsha majirani alfajiri wakasukume gari?

Mafundi rewaya wa Tunduma wana sababu za kuihamisha, na zote ni za heshima. Joto la injini linakausha maji ya betri. Asidi imeshakula kile kisahani ilichokalia. Mwizi akifungua boneti anaukuta mzigo wake unamsubiri, ila chini ya kiti itambidi kwanza amwombe abiria asimame. Isitoshe, baadhi ya Land Rover za dizeli zilitoka kiwandani hivyo hivyo. Katika pikapu ya 109 tangi la petroli liko chini ya dereva, kwa hiyo betri ikihamia kushoto haki inatendeka: dereva kakalia petroli, abiria kakalia asidi. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikwenda mbali zaidi. Betri yake iko chini ya kiti cha nyuma, na abiria mnene akibonyeza springi hadi zikagusa vichwa vya betri, kiti kinashika moto. Hakuna abiria aliyewahi kushuka haraka kama huyo.

Sasa waya. Kutoka kitini hadi kwenye stata ni safari, na fundi mwenye huruma na mfuko wako ataunga waya mwembamba aliobaki nao. Mita 4 za waya wa milimita za mraba 10, stata ikivuta ampea 200, zinameza zaidi ya volti moja njiani. Ongeza baridi ya Vwawa ya mwezi Juni, ambayo peke yake inaichosha betri yoyote. Stata itanguruma mara mbili, itaguna, itanyamaza. Hapo ndipo mwenye gari anapojua nani ni jirani na nani ni mpangaji tu.

Mpakani utumishi wa betri hii ni mkubwa zaidi. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, msafiri hasimamishwi tena pande zote mbili, na watu wanavuka bila hata kujuana majina. Betri yetu inamrudishia muda wa kujuana. Gari linazimika katikati ya foleni ya malori, madereva wanashuka, mmoja anauliza kama hendeli ipo, mwingine anatoa nyaya za kubusti. Kama Land Rover yenyewe ni ya zamani kabisa, ya enzi za chanya kufungwa kwenye bodi, kijana aliyezoea hasi ataunga kinyume, na cheche zitamwongezea elimu.

Lakini sifa yake kuu ni adabu. Mtu amempakia mama mkwe kutoka Mlowo, gari limekataa kuwaka. Hawezi kurukia boneti kama muhuni. Anazunguka upande wa pili, anainama: “Shikamoo mama. Samahani sana, naomba usimame kidogo.” Mama anashuka na kikapu chake cha parachichi, godoro la kiti linainuliwa, na wote wawili wanaichungulia betri kwa unyenyekevu.

Wapo wanaoharibu haya yote. Wananunua waya mnene, wanafunga fyuzi karibu na betri, wanavisha mpira kila tundu waya unapopita, wanaibana betri kwa chuma ndani ya boksi lenye bomba la kutolea gesi nje. Gari la mtu wa namna hiyo linawaka kwa funguo moja, anapita Mlowo bila kusalimia mtu, na mama mkwe anafika Tunduma amelala.